Jicho la Federico da Montefeltro

Ndugu, umeuliza kwa nini Federico, jemadari wa Urbino nchini Italia, katika picha aliyochorwa na Piero della Francesca iliyopo kwenye makumbusho ya Uffizi, Florence, anatazama pembeni badala ya kututazama sisi. Ni kweli kwamba Federico alipoteza jicho la kulia mwaka 1450 katika mchezo wa kupigana mikuki juu ya farasi, na ndiyo maana tunaoneshwa upande wake wa kushoto. Hata hivyo, mkewe Battista Sforza, ambaye hakuwa na jicho la kuficha, naye amechorwa kwa upande, wakielekeana. Sababu kubwa zaidi ni sarafu za kale, zilizoonesha sura za watawala kwa upande, kwa kuwa watawala wa Italia wa karne ya 15 walipenda kuonekana kama makaisari wa Roma, na medali za msanii Pisanello zilikuwa zimeshaeneza mtindo huo.

Jicho, kwa maoni yangu, liliamua nafasi ya kukaa tu: katika picha za wanandoa ilikuwa desturi mume awe kushoto kwa mtazamaji, lakini hapa Federico yuko kulia. Mengine hayakufichwa hata kidogo. Chini ya kofia nyekundu utaona chunjua shavuni, kope nzito, na pua iliyobonyea ghafla karibu na paji la uso kana kwamba imekatwa kwa patasi, yote kwenye ubao wa takriban sentimita 47 kwa 33.