Kinyago chenye miiba ndani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama filamu ya kutisha iliyowahi kupigwa marufuku yaweza kuhesabiwa sanaa, au ni marufuku yenyewe iliyoipa jina. Nitajibu kwa filamu moja tu: La maschera del demonio ya Mwitaliano Mario Bava, iliyotoka mwaka 1960. Uingereza iliinyima kibali hadi mwaka 1968, na hata hapo iliingia ikiwa imekatwakatwa na kupewa jina jingine. Siku hizi hakuna anayezuiwa kuitazama. Utamu wa kitu cha magendo umeshakwisha, zimebaki picha zenyewe, na hizo ndizo za kupimwa.

Maana tusidanganyane, marufuku ni mnadi hodari. Wakenya tulijionea mwaka 2018, bodi ya filamu ilipoifungia filamu ya Rafiki, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Foleni za Nairobi wiki ile hazikuletwa na wahakiki.

Turudi kwa Bava. Filamu inaanzia Moldavia, huko Ulaya Mashariki, karne ya 17, usiku. Asa Vajda amefungwa kwenye nguzo, mgongo wazi, na anayemsomea hukumu ya uchawi ni kaka yake wa damu. Anapigwa chapa ya moto. Kisha analetewa kinyago kizito ambacho upande wa ndani kimejaa miiba, na hapo Bava anaiweka kamera pale yalipo macho ya Asa. Kinyago kinakuja taratibu, miiba mbele, kinatujia sisi tuliokaa kwenye viti. Halafu jitu lililofunika kichwa linainua nyundo kubwa na kukigongomea kwa pigo moja.

Damu inayoonekana ni kidogo mno. Sinema za leo humwaga ndoo nzima na mtu akaendelea kutafuna bisi zake. Hapa unashtuka kwa sababu kwa sekunde chache uliwekwa mahali pa anayeuawa.

Nasi wa Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa sababu tu mvi zao ziliitwa uchawi, tuna sababu ya ziada ya kutoicheka sehemu hii. Najua msomaji atanipinga: hadithi yenyewe inasema Asa ni mchawi kweli, na baada ya karne mbili anafufuka alipize kisasi kwa ukoo wake. Ni kweli, na hilo linanikera. Lakini angalieni jinsi tukio lilivyopigwa picha. Wauaji ni vichwa vilivyofunikwa na mienge ya moto. Uso uliosogezwa karibu nasi, unaolaani na kukataa kuomba radhi, ni wa mwanamke. Hadithi inasimama na mahakama, kamera haisimami nayo.

Uso huo ni wa Barbara Steele, mwigizaji wa Kiingereza ambaye hapa anaigiza watu wawili: Asa na Katia, binti wa ukoo uleule anayefanana naye kama pacha. Macho yake ni makubwa kiasi cha kutia wasiwasi hata akiwa hasemi kitu. Federico Fellini mwenyewe, mwongozaji mashuhuri wa Italia, alimchukua baadaye kwa filamu yake ya mwaka 1963, Otto e mezzo. Sauti mnayoisikia, hata hivyo, si yake; Waitaliano wa zama zile walikuwa na desturi ya kuingiza maneno baada ya kupiga picha, na mara nyingi kwa kinywa cha mtu mwingine. Sisi tuliolelewa na DJ Afro, yule anayetusimulia filamu za kigeni kwa sauti yake, hilo halitusumbui.

Bava alikuwa fundi kabla ya kuwa mwongozaji. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji na mtu wa ujanja wa kamera tangu siku za sinema zisizo na sauti, na mwana alikaa miaka mingi nyuma ya kamera akiwapigia wengine picha. Mwaka 1957 mwongozaji wa I vampiri, Riccardo Freda, alisusa kazi katikati, na Bava ndiye aliyeimalizia. Katika filamu ile kuna mwanamke anayezeeka mbele ya macho yako bila picha kukatwa hata mara moja, na ujanja huohuo anautumia tena hapa. Mwigizaji huchorwa makunyanzi kwa rangi nyekundu. Akimulikwa kwa taa nyekundu, michoro hiyo haionekani kwenye picha ya nyeusi na nyeupe, ngozi inabaki laini. Taa ikibadilishwa polepole kuwa ya kijani, wekundu unageuka weusi na makunyanzi yanachomoza. Hakuna kompyuta, ni vipodozi na taa. Nakiheshimu kitendo hicho kuliko majini yote ya kidijitali niliyowahi kuyaona.

Kuna pia lile gari la farasi linalokuja kumchukua daktari usiku. Limepunguzwa mwendo, limezungukwa na ukungu, kwato zinakanyaga bila kutoa sauti. Haliui mtu, halimrukii mtu. Linapita tu. Ukiniuliza sanaa iko wapi, nitakuonyesha sekunde hizo.

Haina maana kwamba kila kitu ni kizuri. Daktari kijana, ambaye ndiye shujaa, ni mkavu kama gogo, na mapenzi yake na Katia yanazuka bila hata salamu ya kutosha. Hadithi inajidai imetoka kwa Viy, hadithi ya kale ya mwandishi wa Kirusi Nikolai Gogol, lakini kilichobaki cha Gogol ni harufu tu. Popo ni wa bandia kiasi cha kuchekesha. Wanaotaka kila filamu nzuri iwe na mazungumzo mazito watachoka mapema, na sitawalaumu.

Ninachokataa ni dhana iliyojificha ndani ya swali lenu, kwamba hofu ni hisia ya hadhi ya chini. Anayetutoa machozi kwa tanzia anapigiwa makofi, anayetuchekesha anaalikwa ikulu, lakini anayetutisha anaulizwa kama ana cheti. Kumwogopesha mtu mzima aliyelipa kiingilio, anayejua kwamba anaona mwanga juu ya kitambaa, ni kazi ngumu kuliko hizo mbili.

Atakayeitafuta awe mwangalifu na nakala. Wamarekani waliitoa mwaka 1961 kwa jina la Black Sunday, wakapunguza vipande na kuuondoa muziki wa Roberto Nicolosi ili waweke wa Les Baxter, wenye kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Chagueni ile ya Kiitaliano yenye maandishi chini, na msiitazame kwenye simu mchana. Kwenye kioo kidogo chenye mng'ao wa jua vivuli vyote vya Bava vitaonekana uchafu.