Usiprinti barua za wakulima kwa kukagua tano za juu

Mkuu, kabla hujagusa hiyo printa, simama hapo hapo. Umesema chama chenu cha msingi cha ushirika huko Tandahimba kinataka kuwapa wakulima barua za malipo ya korosho, kiolezo kiko Word, majina na kilo viko Excel, na unauliza nembo ikae wapi na printa gani itahimili kazi. Katikati umetupia maneno mawili matatu kama si kitu: "nimekagua tano za mwanzo, ziko sawa." Hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Tano za mwanzo huwa sawa! Zilikuwa sawa hata kwetu, msimu ule nilipokuwa naingiza data kwenye chama kimoja cha wilaya ya Newala. Tuliletewa kijana wa kompyuta kutoka mjini, kalipwa vizuri, akatuambia kompyuta haikosei: ukiona barua tatu nne safi, zilizobaki ni hivyo hivyo. Mwenyekiti akaamini, karani akaamini, barua zikatoka zote.

Kumbe kijana yule yule alikuwa amepanga majina kwa alfabeti. Alichagua kolamu ya majina peke yake. Excel ikamuuliza kama ijumuishe na kolamu za pembeni, akaiambia iendelee na hiyo hiyo moja. Majina yakahama, kilo na akaunti za benki zikabaki palepale. Orodha ilikuwa tayari kialfabeti, isipokuwa waliochelewa kujiandikisha, ambao walikaa chini kabisa. Kwa hiyo kina Abdallah wa juu hawakuguswa. Pale jina la kwanza la waliochelewa lilipojipenyeza, kuanzia hapo kila mtu akabeba kilo za mwenzake. Na jumla ya kilo? Ilipatana hadi kilo ya mwisho, mhasibu akatia saini, maana majina kuhama hakubadilishi jumla.

Mzee mmoja alikuja na barua mkono huu, stakabadhi ya siku ya kupima mkono wa pili. Stakabadhi inasema kilo 412, barua inasema 1,380. Alikuwa ameshakopa mabati dukani kwa kuionyesha ile barua. Mwingine mwenye kilo nyingi akaja na barua ya kilo chache, akasema mbele ya watu kwamba chama kimemwibia. Utamwelezaje mtu ambaye korosho zake ziko ghalani kwamba ni kolamu imehama? Kijana hapokei simu. Hasira naye ninayo mpaka leo: alilipwa akague, akatufundisha kutokagua.

Kwa hiyo shika hili moja: usikague barua za watu wa juu, kagua za watu wagumu. Mtu wa mwisho kwenye orodha. Mwenye jina refu kuliko wote. Hamisi Bakari wawili wa kijiji kimoja. Aliyejiandikisha kwa kuchelewa. Asiye na akaunti. Mwenye korosho za daraja la pili peke yake. Toa barua zao kwenye karatasi, kisha uzilinganishe na stakabadhi zao za mkono. Narudia, stakabadhi, siyo Excel! Ukilinganisha barua na shiti ile ile iliyoharibika, vitapatana tu, kosa kwa kosa.

Mtu mgumu ndiye anayekufichulia na haya mengine. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, Excel inatunza 15 tu, zinazofuata inazigeuza sifuri. Ifanye kolamu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza, kwa sababu zikishapotea hazirudi. Simu na akaunti zinazoanza na sifuri nazo hukatwa kichwa. Tarehe ndiyo usiseme: mnada wa tarehe 8 Novemba unaweza kutoka 11/8, mkulima akasoma tarehe 11 Agosti, wakati mikorosho bado iko kwenye maua. Kwenye uga wa tarehe, yaani ile sehemu ya kiolezo cha Word inayovuta tarehe kutoka Excel, ongeza \@ "dd/MM/yyyy", na hizo M ziwe kubwa. Ndogo Word inazisoma dakika.

Kama hujaprinti, leo hii kaa na karani na vitabu vyake vya stakabadhi. Yeye asome kitabu kwa sauti, wewe shika barua na kalamu nyekundu. Barua moja ikigoma, usisahihishe hiyo moja ukaendelea. Rudi kwenye shiti, tafuta mstari ulipoanzia kuhama.