Mwanangu ana Down na ameacha kuongea: ni Down tu, au ni usonji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana Down, miaka 5 na nusu. Alikuwa na maneno kama kumi hivi. Tangu mwaka jana yamepotea yote. Anakaa peke yake akizungusha kifuniko cha chupa mbele ya macho, na ukimwita hageuki. Kliniki wanasema ndiyo Down yenyewe, nivumilie. Jirani anasema akakatwe kimeo. Nifanyeje? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Usivumilie. Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, huchelewesha maneno, haiyafuti. Mtoto anayerudi nyuma ana sababu nyingine, nayo hutafutwa.

“Ndiyo Down yenyewe” ni kauli inayowapotezea watoto hawa miaka mingi. Mtoto mwenye Down asiyeongea kwa kawaida husema kwa mwili: anakuvuta khanga, ananyoosha kidole, anamwiga shangazi anavyopepeta mchele, kisha anakutazama usoni aone kama umecheka. Akikosa maneno na hayo yote pia, hapo Down peke yake haitoshi kuwa jibu. Angalia anavyoomba maji. Akiushika mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe bila kukutazama, liandike hilo na umwambie daktari.

Takriban mtoto 1 kati ya 6 wenye Down ana usonji pia (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kushirikiana na watu). Na kwa watoto hawa maneno yakipotea, mara nyingi hupotea wakiwa wakubwa, karibu na miaka 5, wakati ambapo hakuna tena anayefikiria usonji. Wala msidanganyike kwamba mtoto anayekumbatia watu hawezi kuwa nao. Wengi wao hukumbatia. Swali ni kama anakuletea kitu ili mkifurahie pamoja.

Lakini masikio kwanza. Mirija ya masikio ya watoto wenye Down ni myembamba, maji hujikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, na mtoto asiyesikia hageuki akiitwa. Nenda idara ya masikio, pua na koo, udai kipimo cha kiwambo na kipimo cha usikivu cha mashine. Kumpigia makofi kisogoni si kipimo. Anahisi upepo na kuona kivuli. Siku hiyohiyo atolewe damu kupima tezi ya shingo (TSH na FT4), kipimo anachopaswa kufanyiwa kila mwaka. Mweleze daktari kama anakoroma au kukatika pumzi usingizini, na kama anaganda ghafla au kichwa kinamwanguka, maana hiyo yaweza kuwa kifafa. Akianza kuyumba anapotembea, au kujikojolea ilhali alishaacha, msisubiri miadi: mpelekeni hospitali aangaliwe mifupa ya shingo.

Mrekodi kwa simu dakika 2 au 3 akila, akicheza peke yake, na akiwa na watoto wenzake. Chumba cha daktari hakionyeshi hayo. Anayempima usonji amlinganishe na watoto wa kiwango chake cha uelewa. Akimlinganisha na wa miaka 5 atakosea.

Na hicho kimeo. Hakina kazi yoyote katika kupoteza maneno. Mkikikata kwa wembe mtaani mnamletea mtoto damu isiyokatika, na maambukizi kwa mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu na pengine moyo wake una kasoro, kama ilivyo kwa karibu nusu ya wenye Down. Wapo pia wanaouza matone ya klorini daioksidi kama dawa ya usonji: hiyo ni kemikali ya kupaushia, inaunguza utumbo. Na wapo wanaodunga dawa za “kutoa sumu ya metali”. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 2005, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alidungwa dawa ya namna hiyo. Kalsiamu ya damu ikashuka, moyo ukasimama, akafa. Hakuna dawa ya kunywa, ya kudunga wala ya kupaka inayoondoa usonji, na anayewauzia anajua kwamba mzazi aliyeambiwa “vumilia” mara kumi atalipa chochote. Fedha hiyo ilipieni kipimo cha masikio na mtaalamu wa tiba ya usemi, aanze kumfundisha kuomba kwa picha na ishara za mikono sasa hivi, hata kabla majibu ya usonji hayajatoka.