Mboga kwenye jaa la zamani

SWALI: Wahariri, tumekodi robo ekari karibu na Kisumu, mahali palipokuwa pa kutupa taka. Udongo ni mweusi na sukuma wiki inanawiri bila mbolea. Jirani anasema ardhi hiyo ina sumu. Tutajuaje? Tuhame?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Msihadaike na sukuma kunawiri. Taka zilizooza huacha naitrojeni na fosforasi tele. Risasi (madini ya ledi, si ya bunduki) na kadmiamu, metali zenye sumu, kutoka kwa betri, rangi kuukuu na nyaya zilizochomwa ili kutoa shaba huweza kuwemo bila jani kubadilika rangi wala ladha. Ni maabara tu itakayowaambia.

Chimbeni sentimita 15 kwenda chini, mahali kama 15 hivi, mkitembea kwa kupindapinda. Changanyeni udongo huo kwenye ndoo ya plastiki (ya mabati huongeza zinki), uanikeni kivulini, kisha pelekeni nusu kilo. Palipo na majivu au vipande vya betri pachukuliwe sampuli yake peke yake. Wengi hukosea kwa kuomba “kupimiwa udongo” tu, wakarudishiwa pH (kipimo cha asidi) na virutubisho. Andikeni kwenye fomu: risasi, kadmiamu, kromiamu, zebaki, arseniki, pamoja na pH.

Udongo wa kawaida huwa na risasi miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa makazi kutoka 400 hadi 200. Mkipata zaidi ya 200, acheni mboga za majani na za mizizi. Nyanya, maharagwe na mahindi huvuta risasi kidogo zaidi. Kwa mboga za majani, tengenezeni matuta ya kuinuliwa, sentimita 30 za udongo uliotoka kwingine, na chini yake mtandike kitambaa kigumu kinachopitisha maji.

Kadmiamu ndiyo msumbufu zaidi. Udongo ukiwa na asidi, hupanda upesi hadi kwenye majani. pH ikiwa chini ya 6, changanyeni chokaa ya kilimo, kama nusu kilo kwa kila mita mraba, pamoja na samadi iliyoiva, mpime tena baada ya msimu mmoja. Lengo ni 6.5. Chokaa haiondoi chochote, hufunga tu. Asidi ikirudi, kadmiamu hufunguka. Na wanaowaambia mpande alizeti isafishe risasi, waulizeni itachukua miaka mingapi, na mabua yake yatatupwa wapi.

Risasi nyingi huingia mwilini kwa vumbi lililoganda kwenye majani na vidole vya watoto kuliko kupitia mizizi. Tandazeni nyasi kavu kati ya mistari na osheni mboga kwa maji mengi kabla ya kuzikata. Kuhama si lazima kabla ya majibu kutoka, ila watoto wasichezee hapo.

SWALI: Kuku wangu hushinda wakichakura jaani Gioto. Mayai yana neno?
Msomaji, mtaa wa London, Nakuru

JIBU: Yanaweza kuwa nalo. Kuku humeza udongo kila anapodonoa, na risasi huingia kwenye mifupa na kiini cha yai. Wafungie kwenye banda lenye udongo safi. Usitarajie mayai ya wiki ya kwanza kuwa salama, maana mifupa huendelea kuachilia risasi iliyohifadhi. Yapeleke yapimwe kabla ya kumpa mtoto.