Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Wazike Taka za Nyuklia Kwenye Chumvi?

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo. Swali lako limenifurahisha sana: ikiwa chumvi huyeyuka kwenye maji, Wamarekani wanathubutuje kuzika taka za nyuklia katikati yake?

Nianze na hilohilo la kuyeyuka. Mwamba wa chumvi ulio karibu na Carlsbad, New Mexico, una umri wa miaka milioni 250 hivi. Maji yangekuwa yanapita humo, ungekwisha zamani. Tena chumvi ikielemewa na uzito wa ardhi hujongea polepole. Kituo cha WIPP, ndicho cha kuzikia taka hizo ndani ya chumvi hiyo, kilianza kupokea taka mwaka 1999, na vyumba vyake viko mita 655 chini. Kuta zake husogeleana mwaka hadi mwaka, mpaka zije ziyabane mapipa na kuziba kila ufa.

Sasa tulia hapa, maana ndipo penye kemia yenyewe. Ndani ya chumvi kuna maji kidogo yaliyonaswa tangu bahari ya kale ilipokauka. Na mapipa yana glovu, nguo, karatasi na vifaa vilivyochafuka kwa plutoniamu, metali yenye mionzi, kwenye utengenezaji wa silaha za nyuklia. Vijidudu vikila karatasi hutoa kabonidioksaidi. Gesi hiyo ikiingia kwenye maji yale huyatia asidi, na kaboneti inayotokea huishika plutoniamu na kuivuta iyeyuke. Kwa hiyo juu ya mapipa hupangwa magunia ya oksidi ya magnesiamu. Hiyo huifunga gesi ikawa madini magumu, na maji yakabaki upande wa besi, kinyume cha asidi, yaani pH (kipimo cha asidi na besi) karibu 9. Chuma cha mapipa nacho kikishika kutu humaliza oksijeni, na plutoniamu hubaki katika hali zisizoyeyuka kirahisi. Ni kazi ya muda mrefu: plutoniamu-239 huchukua miaka 24,100 kupungua nusu.

Mimi naogopa zaidi kinachotiwa ndani ya pipa. Februari 2014 pipa moja lililotoka Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, lilipasuka humo chini. Lilikuwa na chumvi za nitrati, na ili kunyonya majimaji walitumia kinyonyaji cha ngano, kile cha choo cha paka, badala ya kile cha udongo. Nitrati hutoa oksijeni, ngano huungua. Vikapata joto vyenyewe, mionzi kidogo ikafika hadi juu, na kituo kikasimama karibu miaka mitatu.

Wala usikubali ukiambiwa kila chumvi inafaa. Huko Asse, Ujerumani, walitumia mgodi wa zamani uliochimbwa hadi karibu na ukingo wa chumvi. Tangu 1988 maji yanaingia, lita 12,000 hivi kwa siku, na humo mna mapipa yapatayo 126,000. Mwaka 2013 sheria iliamuru yatolewe, na kazi hiyo bado ni ngumu.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie ukikwama kwenye hiyo ya pH, tuipigie hesabu pamoja.

Baba yako