Kabla hujapiga picha hospitali za kale za Dar, uliza upepo unatoka wapi

Wageni wanaopenda majengo wakija Dar es Salaam hupelekwa Boma la Kale, kanisa la Azania Front, kanisa la Mtakatifu Yosefu, basi. Mimi huwapeleka hospitalini. Wengine husita, na wana haki, kwa sababu hospitali si makumbusho. Lakini mji huu umeandika mambo yake mengi kwenye kuta za tiba, na kuzisoma hakuhitaji shahada ya usanifu. Maswali mawili yanatosha kuanzia: upepo unaingilia wapi, na jengo lilijengewa nani? Kibao cha ukutani kisome mwisho. Mara nyingi kitakutajia aliyekata utepe tu.

Anzia Ocean Road, ambako barabara yenyewe siku hizi inaitwa Barack Obama. Simama upande wa bahari asubuhi, jua halijawa kali. Hospitali hii ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, kwa ajili ya Wazungu. Watu huvutiwa na minara na vikuba vyake vya mtindo wa Kiarabu, wakaishia hapo. Mimi naona mapambo hayo yametukuzwa kupita kiasi. Tazama varanda: pana, zenye kivuli, zimeukabili upepo, kaskazi ikivuma au kusi. Wakati ule watabibu wengi bado walidhani homa huletwa na hewa mbaya ya mabwawa, kwa hiyo dawa ya kwanza ya mgonjwa ilikuwa mahali pa kujenga. Mwaka huohuo wa 1897, kule India, daktari Mwingereza Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya mbu. Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani, naye alikuja Dar kuichunguza malaria mnamo 1897 na 1898. Yaani jengo lilifunguliwa huku fikra zilizolizaa zikianza kupitwa, na bado upepo wake ni mtamu mpaka leo.

Tangu 1996 hapo ni Taasisi ya Saratani. Walio ndani wengi wametoka mikoani na wamechoka. Usielekeze kamera kwenye madirisha ya wodi, usipande varanda bila ruhusa ya uongozi, na kumbuka Ikulu iko jirani: askari akikuambia funga kamera, funga, historia utaisoma kwa macho.

Sasa swali la pili. Kama Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, Waafrika na Wahindi walitibiwa wapi? Hapo ndipo lazima umtafute Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, ambaye fedha zake zilijenga hospitali ya watu hao mjini Dar. Jengo lenyewe lilishavunjwa. Ushauri wangu: lililovunjwa nalo liweke kwenye ziara. Jina la Sewahaji utalikuta Muhimbili, kwenye jengo la wodi, na wauguzi hulitaja siku nzima kama jina la mtaa.

Ukielekea Muhimbili usipande daladala moja kwa moja. Pita Mnazi Mmoja kwa miguu. Uwanja ule Waingereza waliuacha wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, wakitoa hoja ya afya, ili maradhi yasivuke kutoka mtaa wa watu weusi. Ramani ya mji ilitumika kama karantini. Watu huupita kila siku wakidhani ni mahali pa mikutano na gwaride tu.

Muhimbili ilifunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, na hapo lugha ya majengo inabadilika kabisa: zege na mistari iliyonyooka, bila kikuba hata kimoja. Hesabu ni ileile lakini, kuhakikisha hewa inapita. Ukiwa hapo tafuta kitu kingine ambacho vitabu vya usanifu hukipita: ndugu wa mgonjwa. Tazama wanapokaa na vyombo vyao vya uji na mikeka yao wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Vivuli vya miti, ngazi, kingo za maua. Kwa maoni yangu, wachoraji wa hospitali zetu, wakoloni na waliowafuata, walimpimia mgonjwa kitanda wakamsahau shangazi aliyemletea chakula. Kama unasomea usanifu, hiyo ni mada ya tasnifu, ichukue.

Kwa karatasi, nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, kuna mafaili ya tangu enzi za Wajerumani. Nenda na barua ya utambulisho na subira. Boma la Kale nako kuna kituo cha urithi wa usanifu cha DARCH, pazuri kwa anayeanza.

Na kama uko kwenye kamati ya kukarabati zahanati au nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, popote pwani, mkatalie fundi anayetaka kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi ikapanda, lipu ikabanduka vipande vipande. Atakuambia chokaa ni kazi ya kizamani na inachelewa kukauka. Inachelewa kweli, kwa hiyo mpange aanze mapema, kabla ya masika.