Kubadili kioo cha saidi mira chenye hita: mnauliza, tunajibu

Kioo cha upande wa abiria kimepasuka. Nikitaka kubadili nyumbani, nifungue mlango? (Njombe)

Hapana, mlango hauguswi. Kioo kimebanwa kwa klipu za plastiki juu ya mota, basi. Vaa glavu na miwani, bandika tepu pana juu ya kioo chote: kipande kikidondokea kwenye mota, itakwaruza kila ukirekebisha kioo. Kwa swichi, kiinamishe mpaka mwisho, ukingo wa juu uzame na wa chini utokeze. Ingiza kabari ya plastiki chini, karibu na katikati, unyanyue taratibu hadi klipu ya kwanza iachie. Bisibisi tupu itachubua kava. Kwa baridi ya huko kwenu klipu hukatika kirahisi. Pasha kwanza kwa draya ya nywele dakika mbili tatu. (Baadhi ya BMW za zamani hufungwa kwa pete ya kuzungusha. Hizo ukivuta kwa nguvu unang'oa mota.)

Nyuma utakuta waya mbili za hita. Zichomoe kwa kushika vichwa vyake kwa plaizi, si kwa kuvuta waya. Kazi nyeti ni kuzichomeka kwenye kioo kipya: vile vijilimi vya chuma vimeshikizwa kidogo tu kwenye hita, kwa hiyo kila kimoja kishikilie kwa kidole unaposukuma. Kikibanduka, hita imekufa kabla haijatumika.

Washa hita uijaribu kabla ya kubana. Ikipata joto, panga klipu, weka kitambaa, ukandamize kwa kiganja katikati mpaka zilie zote. Wengi hukandamiza pembeni, na hapo ndipo kioo kipya hupasuka. Malizia kwa kuvuta kingo kidogo; klipu moja isiyoshika inatosha kukifanya kitetemeke barabarani.

Waya zinafanana. Ipi ni chanya?

Yoyote. Hita haichagui. Ukikuta waya zaidi ya mbili, kioo chako hujitia giza chenyewe usiku au kina taa ya tahadhari. Piga picha kabla ya kuchomoa.

Nimefunga kipya lakini hakipati joto. (Limuru)

Je, umebonyeza kitufe sahihi? Magari mengi ya Japani huwasha hita hii pamoja na ile ya kioo cha nyuma, kwa kitufe kimoja, na mara nyingi hujizima baada ya muda. Injini ikiwa inaunguruma, bonyeza, subiri dakika tatu, gusa.

Kikiwa bado baridi, chomoa waya upime ukinzani wa hita kwa mita ya umeme (multimita). Omu chache, tuseme 6 hadi 15, maana yake ni nzima; mita isiposoma chochote, imekatika. Hita ikiwa nzima, pima waya zenyewe: ziwe na volti 12 hadi 14. Pande zote mbili zikikosa umeme, anza na fyuzi. Toyota nyingi huiandika MIR HTR, ya ampea 10. Ukikosa upande mmoja tu, kagua waya zinapopita kwenye bawaba ya mlango. Hukatika hapo kwa kufunguliwa na kufungwa miaka nenda rudi.

Fundi wa Gerezani amenikatia kioo tambarare, akakibandika juu ya sahani ya zamani (ile plastiki ya nyuma yenye klipu) kwa silikoni. Kuna ubaya?

Upo. Kama cha awali kilikuwa mbinuko (kimebinuka kwa nje), sasa unaona eneo dogo zaidi. Tazama cha upande wa pili: alama kama SR1400 ni nusu kipenyo cha mbinuko kwa milimita. Tena silikoni yenye harufu ya siki hula rangi ya fedha nyuma ya kioo, madoa meusi yakaanzia kingoni. Na hita? Kama ilibanduliwa pamoja na vipande vya zamani, imekwenda.

Ndugu yangu ataniletea kutoka Marekani, gari modeli ileile. Kitaingia?

Huenda kikaingia, ila usikichukue. Kule dereva hukaa kushoto na sheria inataka kioo cha upande wake kiwe tambarare. Kwetu kushoto ni kwa abiria, ndiko mbinuko unakohitajika zaidi.